Diski Moja Iliyobaki

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa hili: inayoua diski ni kompyuta, au ni mimi?

Nilianza kazi Jumatatu, katika chumba cha sauti cha kanisa la Wakongo hapa ughaibuni, mtaa wa Frogtown. Shahada yangu ya kompyuta haikuwa imenipatia kazi nyingine. Katibu wa kwaya alinikabidhi kompyuta kuukuu na boksi la diski tupu za kunakilia nyimbo za kwaya.

"Ndugu yangu, motokari za wazee hazijui simu. Zinajua CD tu."

Kuchoma CD ni kuandika sauti kwenye diski kwa leza. Data hupanga foleni kwenye bafa, ghala dogo la kumbukumbu. Kompyuta ikielemewa, bafa hukauka, leza hukosa cha kuandika, na diski imekufa. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeziua zote isipokuwa moja, na duka la karibu, lile la Roseville, lilikuwa limeacha kuuza diski.

Alasiri hiyo akaja mzee mmoja, Papa Elisha. Alikuwa amefiwa na mkewe, mwimbaji wa kwaya, na kesho yake alikuwa anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kwa gari.

"Mutoto, iko wapi sauti ya bibi yangu?" Kwao bibi ni mke.

"Bado naichoma, Papa."

"Unaichoma? Mimi nilimuzika, wewe unamuchoma!"

Katibu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaigeuza mkononi ile diski ya mwisho. Nilikuwa na hakika nitaiua nayo, na Papa atampoteza mkewe mara ya pili.

Katibu akainama kwenye skrini. "Hii grafu ni ya nini?"

"Inapima nguvu ya kompyuta."

"Na hizi kurasa zote?"

"Natafuta kwa nini diski zinaharibika."

"Sasa yenyewe itaimba saa ngapi? Kila dakika unaiuliza kama iko muzima!"

Nikaitazama ile grafu upya. Chuoni nilifundishwa kupima kila kitu, na vipimo vyangu ndivyo vilivyoila nguvu ya kompyuta.

Nikafunga grafu. Nikafunga kurasa zote, nikachomoa waya wa mtandao, nikashusha kasi ya kuandika hadi ya chini kabisa, nikatia diski, nikabonyeza kitufe cha kuchoma. Leza ikaanza. Mkono wangu ukarudi wenyewe kwenye kipanya, kuichungulia grafu kidogo tu.

Nikakichomoa kipanya, nikamwekea Papa Elisha mkononi, nikatoka nje kusimama kwenye theluji, leza imalize kazi bila mimi.