Aliyebeba Sufuria

Tulikuwa wanne chumbani. Mimi; jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Thamesmead, Mrusi aliyezaliwa London, ndiye mgonjwa; binti yake wa pekee; na binti yangu wa mwisho, kazi yake ukeya, kutunza wazee na wagonjwa, aliyenifikisha hospitali kule Lewisham. Majina yao nayajua kama ya wanangu, lakini sitayaandika. Na walikuwepo wengine wasioonekana: askari wa sufuria moja, waliokufa kabla hata mama yangu hajazaliwa. Kwa ajili yao ndio nikaitwa.

Babu wa jirani yangu alikuwa askari wa miguu wa mfalme wa Urusi, katika divisheni moja kongwe. Mie shule sikwenda, nilisoma chuo cha Kurani tu. Yeye jirani ndiye aliyenifunza, kwa chai: divisheni ni rejimenti nne, kila rejimenti na bendera yake na padri wake. Yao ilikwishapigana na Waturuki miaka mingi nyuma. Kila askari alichomeka kijiko cha mbao ndani ya buti, na wakati wa kula walikaa duara, sufuria moja, wakichota kwa zamu.

"Bila ya kunawa?" nikamuuliza.

"Maji yalikuwa barafu, Mama."

"Ndo maana mkapinduliwa."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Jamaa zake walitolewa kwao na mapinduzi, na mie nilitolewa Unguja na mapinduzi. Mzaha ule tuliuweza sisi wawili tu.

Lakini kisa chenyewe hakina mzaha. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza, divisheni ilipelekwa mbio kwa miguu mpaka mikokoteni ya mkate ikaachwa nyuma. Wakaingia msituni, katikati ya maziwa, na njaa, na Wajerumani wakawazunguka. Bendera ya rejimenti yao ilikatwa kwenye mti wake, askari mmoja akajifunga nayo kiunoni chini ya shati. Babu wa jirani alitoka na jeraha. Wenzake wa sufuria hawakutoka, wala hawana makaburi. Kisha serikali ikaokota watu wapya, ikawapa namba ileile. Kwenye karatasi divisheni haikufa. Waliokufa ni watu.

Ndiyo babu akamuusia mjukuu: kila mwaka wataje, mmoja mmoja, usimruke mtu. Na mjukuu, kwa kuwa binti yake hakutaka kusikia habari za vita, alinitajia mimi. Majina magumu yale! Nikayashika kwa njia ninayoijua: niliwapanga kulizunguka sinia, kama tukaavyo kwetu kula. Huyu kichwani, huyu kuliani kwake, huyu upande wa dirisha. Nikifumba macho nawaona wamekaa.

Kisha jirani akapigwa na stroki, ulimi ukafa. Daktari akasema hafiki kesho. Binti yake akanigongea mlango, macho mekundu.

"Anapiga kijiko kwenye kitanda tangu asubuhi. Anataka yale majina. Mie sina hata moja."

Nilipofika hospitali, mgonjwa aliniangalia kama mtu anayezama anavyoutazama mkono. Kijiko cha mbao cha babu yake, alichokirithi, kilikuwa kwenye mkono wake mzima. Nikaanza. Kila jina nililotaja, alipiga mara moja kwenye chuma cha kitanda. Nikalizunguka sinia lote, nikarudi kichwani. Nikakomea hapo.

Akapiga tena.

"Ma, bado mmoja," binti yangu akaninong'oneza.

"Nimemaliza, wamekwisha!"

Akapiga. Akapiga. Machozi yakamtoka upande mmoja wa uso. Nikazunguka tena sinia, nikataja tena wote, na kila mara mwisho kijiko kile. Yarabi, jasho lilinitoka na baridi ile.

"Tafadhali, Mama," binti yake akanishika kanga. "Tafadhali. Atakufa hivi hivi."

Hapo ndipo nikamwona. Kwetu anayepakua hakai siniani. Anasimama, anaongeza wali, anapitisha maji, anakula baadaye jikoni. Maisha yangu yote mie ndiye niliyesimama. Na wale askari walikuwa na mpakuaji wao: yule aliyetumwa kufuata supu, akabeba sufuria, asirudi. Nilimsimamisha mlangoni siku ile ninawapanga, nikamwacha hapo hapo. Uso wake naujua, sufuria naiona inafuka moshi. Lakini kwa jina lake yalinijia mawili, yanafanana na ya wenziwe, na muda hakuna.

Nikataja moja.

Kijiko hakikupiga. Alinitazama, akafumba macho. Binti yake akauliza, "Ndilo?" Jioni ile jirani yangu akafa.

Mpaka leo sijui alifumba kwa kutua moyo au kwa kukata tamaa. Binti yake anakuja kwangu sasa, tunawapanga mezani, na anayebeba sufuria tumempa kiti. Tunamwita kwa majina yote mawili, tukihofia kumruka.

Majina ya marehemu sitayatangaza, ni ya kuombewa. Lakini wewe unayesoma, kama kwenu alikuwapo mzee wa divisheni ile aliyekwenda kufuata supu msituni asirudi, niambie aliitwa nani. Na kama bendera, au rejimenti, au mpango wa duara nimeusema sivyo, nisahihishe. Usinionee haya kwa uzee wangu. Nisahihishe nikiwa bado naweza kumtaja.