Neno la Mwaka Jana

Baba yangu ni Mkatoliki, mama yangu ni Mmoraviani, na nyumba yetu ya mtaa wa Cheyo haijawahi kukosa mjadala. Kila asubuhi, kabla ya uji, mama husoma neno la siku kutoka kwenye kile kijitabu cha Wamoraviani ambacho mistari yake ya Biblia huchaguliwa kwa kura, siku kwa siku, mwaka mzima. Baba, aliyekuwa katekista upande wa Kipalapala mpaka magoti yalipoikataa baiskeli, alikuwa akimsikiliza kwa heshima zote, kisha anasema kwamba Wamoraviani wamemchezesha Mungu bahati nasibu. Mama anamjibu kwamba afadhali hivyo kuliko kumrudia Mama Maria kwa sala ile ile rozari nzima, kana kwamba masikio yake yameziba. Halafu wanakunywa uji. Nimekulia humo, nikadhani ndoa zote ziko hivyo.

Mwaka huu, mvua zikiwa bado zinanyesha, kiharusi kilimpata baba. Mkono wa kulia ulilegea na sauti ikakatika kabisa. Hospitali walimhudumia, wakaturuhusu, na daktari akatuambia wazi kwamba usemi unaweza kurudi au usirudi. Niliomba ruhusa Igunga, ninakofundisha, nikaja kumsaidia mama. Mkono sikuuhofia sana, kwa maana baba hakuwahi kuupenda mno ufagio. Niliuhofia mdomo. Huyu ni mtu aliyemtania kila aliyekutana naye, kuanzia paroko hadi muuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na bila utani wake sikujua tungemtambuaje.

Mama hakuonyesha hofu, alionyesha kijitabu. Kila asubuhi alimsalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akangoja kidogo kana kwamba jibu liko njiani, kisha akavaa miwani na kusoma. Baba alimtazama tu. Akimaliza, mama alisema kwamba siku hizi anasikilizwa vizuri mno, hajawahi kuwa na mkutano mtulivu namna hii. Kisha alikwenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta ameshika mwiko, hakorogi chochote.

Asubuhi moja nilichungulia begani kwake. Ilikuwa Jumanne, lakini kijitabu kilisema Jumatatu. Nikatazama jalada: lilikuwa la mwaka jana. Nikaelewa mara moja, kwa sababu nyumba ya mama haitupi neno la Mungu jalalani wala haiwashii jiko. Vijitabu vya miaka yote vimo kwenye sanduku la nguo, na majalada yake yanafanana. Katika ile haraka ya kutoka hospitali alikuwa amechopoa cha zamani. Kusahihisha watu ndiyo kazi inayonilisha, lakini siku hiyo nilishindwa. Mama alikuwa akiamka kwa maneno hayo na kulala nayo. Nani angemwambia kwamba si ya leo?

Neno lenyewe lilikuwa la yule nabii anayesema kwamba hata mtini usipochanua, hata mashamba yasipotoa chakula na zizi likabaki tupu, yeye atamfurahia Bwana. Mama alipofika kwenye zizi alishindwa kuendelea. Mimi nilikasirika, nisifiche. Furaha gani, na baba kalala pale kama mgeni? Lakini mama alirudi mwanzo, akasoma tena hadi mwisho, na safari hii hakusita. Nilimtazama usoni nikaona haigizi. Hakuwa akingoja zizi lijae kwanza ndipo afurahi.

Hapo nikasikia mkoromo kitandani. Nilidhani mate yamempalia, nikakimbia kumwinua kichwa. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimchuruzika, halafu ulimi wake mzito ukajikokota.

"Hilo," alisema, akapumzika. "Hilo la mwaka jana."

Alikuwa sahihi kabisa. Mwaka jana, siku neno hilo liliposomwa, mbuzi wetu walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa, ikabaki kamba tu kwenye kigingi, na baba akasema kura ya Wamoraviani imechungulia zizini kwetu. Neno la Mungu pengine angelisahau kwa maradhi yale, lakini si utani wake mwenyewe.

Mama aligeuza kijitabu, akasoma mwaka kwenye jalada. Nikajiandaa kwa vita, maana katika ndoa yao yote hajawahi kukubali kusahihishwa na Mkatoliki kuhusu Maandiko. Alivua miwani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono uliolegea na kuuweka mapajani mwake, na alikuwa analia bila kujificha.

"Nikosoe tena, mzee wangu," alimwambia. "Nikosoe tena."