Flashi ya Mama wa Mgeta

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya steshenari moja hapa Morogoro mjini. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja kutoka Mgeta, kule milimani, flashi kaifunga kwenye pindo la kanga. Ndani yake kulikuwa na fomu ya shule ya mwanaye, na gari la kurudi kwao linaondoka saa nane. Dada wa kaunta akaichomeka. Kompyuta ikazima. Akaiwasha, akachomeka tena. Ikazima tena.

“Mama, flashi yako ina virusi.”

“Mwanangu, mwalimu kanipa jana tu,” mama alijibu, macho kwenye saa ya ukutani.

Foleni ikaguna. Mimi ndiye niliyepaza sauti: “Mama, tupishe basi, nasi tuna haraka!”

Mzee mmoja, fundi redio, akainama nyuma ya kompyuta. “Virusi gani? Mashine imezidiwa. Simu nne mmezichomeka humu!”

Ndivyo tulivyo: tukishasalimia tu, tunaomba kuchaji kidogo.

Zikachomolewa, fomu ikatoka, mama akatoka mbio. Simu tatu zilichukuliwa na wenyewe papo hapo, kimyakimya. Ya nne niliifuata jioni, watu walipokwisha.