Kamba ya Bosi

Hebu niambie, rafiki yangu, mtu anamfungaje mbwa kwa mnyororo wa chuma kutoka asubuhi hadi jioni, halafu analala usingizi? Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, kule Kiptere, nikamkuta mbwa wa kaka yangu hivyo, shingo imechubuka. Niliwaka! Kaka akacheka tu: "Wewe dada, hiyo ni mbwa tu."

Mbwa tu. Maneno hayo niliyasikia nikiwa darasa la tatu, miaka ya tisini, na bado yananichemsha damu.

Watu wazima wakienda kuchuma majani chai, sisi watoto tulibaki na nyanya. Alikuwa na vibuyu vinne vya mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa mkaa. Kabla ya kutia maziwa mapya aliosha kibuyu kwa maji moto, akakisugua ndani mpaka mkaa wa zamani utoke, kisha maji ya kwanza, yenye uchachu wa maziwa, akammwagia Bosi, mbwa wetu wa manjano. Bosi akilamba, sawa. Akigeuza uso, kibuyu kinaoshwa upya. "Bosi amekataa!" nyanya alikuwa akisema, na jikoni kote ni kicheko.

Kisha shamba kubwa lililopakana nasi likatangaza: mbwa fulani amemuuma mchumaji, kwa hiyo mbwa yeyote atakayeonekana ndani ya chai atapigwa risasi. Nyanya akaniambia nisuke kamba ya mkonge ya kumfunga Bosi. Alikuwa amenifundisha. Unazisokota nyuzi kwenye paja, unakunja, unasokota tena kinyume ili zishikane. Hiyo mara ya pili ndiyo kazi, paja linawaka moto. Na wenzangu walikuwa nje wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wananiita. Nikasokota mara moja tu, nikaongeza nyuzi ili kamba ionekane nene.

"Umerudia mara ya pili?" nyanya akauliza. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Ndiyo, kogo." Uongo mtupu!

Kesho yake nikashika njia ya shule, ile inayokata katikati ya chai ya shamba kubwa. Nikasikia kuhema nyuma yangu. Bosi! Kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Alizoea kunisindikiza, maskini. Nikamfukuza arudi, ingawa moyoni nilifurahi, sitakuficha. Askari wa shamba akatokea kwenye kona.

"Ni wetu! Ni wetu!" nikapiga kelele. Akafyatua bunduki.

Aliiona kamba, mtu yule. Aliniona na yunifomu yangu. "Ni mbwa tu," akasema, akaenda zake. Mungu anisamehe, sijamsamehe mpaka leo.

Nyanya alipokuja, alikifungua kile kipande cha kamba, akakipapasa kwa vidole, polepole, mwanzo hadi mwisho. Nikajua amejua. Jioni baba akauliza kwa ukali ni nani alisuka kamba ile. Nyanya akajibu, "Kamba ilikuwa mzuri. Mbwa ndio ilikuwa na nguvu."

Laiti angenichapa! Kiboko kingeisha siku hiyohiyo. Hakulitaja tena jambo hilo. Vibuyu aliendelea kuosha, na maji ya kwanza akayamwaga mlangoni, yakanywewa na udongo.

Sasa nyanya hayupo. Vibuyu havipo, kwa kaka kuna maziwa mala ya pakiti. Mkonge waliung'oa, chai ikapandwa mpaka kwenye ukuta wa jikoni, na hakuna anayeona aibu! Ilibidi nikaombe majani ya mkonge kwa jirani. Nikayaparua, nikayaanika, nikangoja yakauke, wiki nzima kaka akinicheka eti nailoni imejaa madukani. Nikakaa chini, mama mzima, nikasokota mara mbili mpaka paja likachubuka. Nikamvua yule mbwa mnyororo, nikamfunga kwa kamba yangu. Akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba ikashika.

"Kumbe unajua!" kaka akasema.

Nilijua. Hata siku ile nilijua.