Mwizi wa Ukoo wa Bwana Harusi

Nimerudi Bukoba na diploma ya ufundi wa lifti. Anayetilia shaka aje sebuleni kwangu, imo kwenye fremu. Kule Stockholm, kuanzia Sundbyberg nilikoishi, kuna wazee wanaofika ghorofani kwao bila kuhema kwa sababu ya mikono hii. Lakini kazi ninayojivunia kuliko lifti zote niliifanya Tensta, mtaa wa pembezoni mwa jiji hilo, Jumapili moja baada ya kanisa, nilipokuwa mshenga.

Aliyenituma alikuwa fundi mwenzangu, Mwaustralia. Alimpenda muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, binti wa Mhaya aliyekwenda Sweden kwa mafunzo akakaa moja kwa moja. Alihitaji mshenga mwenye ulimi na elimu, hivyo hakuhangaika kutafuta.

Kwetu mshenga haulizwi mali kwanza. Anaulizwa ukoo: kuna mwizi, kuna mchawi? Basi tukiwa tumepumzika na chupa yetu ya kahawa nikamuuliza bwana harusi mapema.

"Mwizi yupo," alisema, kama mtu anayemtaja askofu wa familia.

Babu wa babu wa babu yake alivunja nyumba huko Uingereza, akabeba vijiko vya fedha na koti la mwenye nyumba. Akahukumiwa kunyongwa. Kisha adhabu ikabadilishwa, akapakiwa melini na pingu miguuni hadi Australia, akae huko maisha yake yote. Alipasua mawe ya barabara, akapewa kibali cha kujitafutia kazi na mwishowe msamaha, akamwoa mwanamke aliyesafirishwa kwa kuiba jibini, wakafuga kondoo. Baadaye wezi walipomwibia kondoo, alikwenda polisi akilia.

Nilimuuliza maswali mpaka kahawa ikapoa. Aliingilia dirishani au mlangoni? Koti lilimtosha? Wao walijuaje yote haya? Hilo la mwisho ndilo alilojibu vizuri: kwao kila mtoto akianza kuelewa mambo, husimuliwa.

"Jumapili jambo hilo usilitaje," nikamwambia.

"Kwa nini? Ndiyo hadithi nzuri kuliko zote tulizo nazo."

Tulipofika Tensta, baba wa binti alikuwa amekaa kwenye kochi, kijikapu cha kahawa ya kutafuna kando ya mguu wake, kimefunikwa. Kwa Wahaya mgeni akiketi tu hupewa punje za kahawa. Sisi hatukupewa, nami nikajua mzee anasubiri majibu. Pembeni alikaa dada yake, shangazi wa binti, na binti mwenyewe alisimama mlangoni pa jikoni.

"Mshenga," mzee akaanza, "huko kwao ni watu wa namna gani?"

"Watu wa safari, mzee. Babu yao alipelekwa ng'ambo na serikali."

"Kwa gharama ya serikali?"

"Yote, mzee. Nauli, chakula na malazi."

Mzee akanyooka. Yeye mwenyewe alisafirishwa hivyo hivyo. "Alikwenda kusomea nini?"

Bwana harusi alikuwa amefundishwa neno 'babu'. Akaingilia kwa Kiswidi, ambacho kila mtu pale alikijua: "Alivunja nyumba ya mtu."

Binti, aliyekuwa akileta chai, akaiweka chupa mezani polepole.

"Aliiba nini?" shangazi akauliza. "Kama ni kuku, mimi naondoka."

"Vijiko," akajibu bwana harusi.

"Vya fedha, Shangazi," nikadakia, kulinda heshima ya upande wetu.

Mzee hakucheka. Alitaka asimuliwe tangu mwanzo, na kijana akasimulia, meli, pingu, mawe, jibini. Mzee aliinama mbele, akauliza habari za dirisha kama nilivyouliza mimi. Kisha akauliza ambalo mimi sikulifikiria.

"Aliposamehewa, alirudi kwao?"

"Hakurudi."

"Alikuwa na mama?"

"Alikuwa naye. Sijui kama mama huyo aliwahi kupata habari zake."

Mzee akatazama nje, uwanjani, ambako wajukuu wake walikuwa wakiitana kwa Kiswidi.

"Ukoo unaomweka mwizi wake sebuleni," akasema mwishowe, "chumbani umeficha nini tena?"

"Mchawi," akasema shangazi.

Hapo mzee akacheka, akafunua kijikapu. "Binti nampa. Ila harusi ifungwe Bukoba, na mimi nirudi, niwepo. Sitaki mtoto wao aje aulizwe kama babu yake alirudi kwao, akasema hajui."

Kijikapu kikaanzia kwa bwana harusi, kabla ya mshenga. Nikamsamehe mzee kosa hilo. Kijana akachukua punje mbili, akaniinamia, akaniuliza kwa kunong'ona kama zinamezwa.

"Tafuna," nikamwambia. "Na hilo koti, hebu kumbuka vizuri, lilimtosha?"