Goti la Mwalimu Filimbi

Watoto ndio waliompa jina la Filimbi, nasi walimu tukalidandia, mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akawa analitumia kwenye vikao. Alifundisha michezo katika shule yetu ya msingi. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti isiyohitaji filimbi hata kidogo, lakini filimbi ilining'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni. Akicheka ofisini ungedhani wamecheka watu watatu. Mimi nilifundisha hisabati na meza zetu zilipakana, kwa hiyo aliniita Hesabu, kana kwamba sikupewa jina na wazazi wangu.

Ujanani alichezea mpira wa pete timu ya mkoa. Katika mechi moja aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kimegeukia upande mwingine. Goti la kulia likalia kama kijiti kikavu. Likavimba, akalifunga bandeji, na kabla uvimbe haujaisha akawa amerudi uwanjani.

"Enzi zile nani alipelekwa hospitali kwa ajili ya goti?" aliniambia. "Ukitembea, basi umepona."

Mumewe alikuwa mpiga chapa, mtu mwembamba na mpole, aliyeweza kuona herufi iliyokosewa kwenye bango akiwa ng'ambo ya barabara. Filimbi alimwita Bwana Nukta. Hawakujaliwa watoto. Waliishi kama marafiki wawili waliozoea kutaniana. Ukiwatembelea unatoka mbavu zinauma.

Kisha Bwana Nukta akaanguka kazini, mbele ya mashine. Kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakamtoroka, yakabaki machache tu ambayo aliyavuta moja moja kwa taabu. Akili ilikuwa yake ileile. Filimbi akimfungulia gazeti, alipitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya mistari, akifika penye kosa anagonga mara mbili na kutikisa kichwa kwa masikitiko.

Walikaa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Filimbi akajifunza kumnyanyua: anachuchumaa mbele yake, anapitisha mikono chini ya makwapa yake, anavuta pumzi, wanainuka pamoja. Kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi bafuni. Jirani yao wa chini, muuguzi mstaafu, alijitolea kuja kumwogesha. Bwana Nukta akageuzia uso ukutani.

"Hataki," Filimbi alinieleza. "Kwa mtu mwingine anajiona mzigo. Kwangu anaona kama tunacheza dansi, ingawa dansi yenyewe mbovu."

Mambo yakabadilika polepole. Hakubaki tena uwanjani jioni kukimbia na wasichana. Kengele ya mwisho ikilia alikuwa mbio kwenda nyumbani. Alikula amesimama jikoni, mara nyingi akimalizia sahani ya mumewe. Akanenepa. Tulimtania, naye akajitania kuliko sisi. Nilianza kuona pia kwamba mguu wake wa kulia unapinda nje kidogo pale gotini, na kwamba akishuka ngazi za shule anatanguliza mguu huohuo kila mara, kama mtoto anayejifunza.

Siku moja ya mazoezi aliwaonyesha wasichana namna ya kugeuka na mpira mkononi. Aligeuka, goti likakwama. Halikunyooka wala kukunjika. Wasichana walidhani anaigiza, wakacheka, mpaka walipoona machozi. Kufikia jioni goti lilikuwa limejaa kama papai. Nikamwambia kesho tunakwenda hospitali, na asinibishie.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamama mwenye sauti ya chini. Alilitoa maji lile goti kwa sindano, akaagiza picha, na picha zilipotoka akatuketisha sote wawili mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mama, hii nyeupe ni mifupa," alisema. "Katikati kuna gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa kusagana. Lako bado lipo, ila limeanza kupasuka hapa ndani. Na kuna vipande viwili vya kukinga uzito, vimekaa kama mwezi mchanga. Hiki kimoja kimechanika, na kimesukumwa nje ya nafasi yake. Uliwahi kuumia zamani?"

Filimbi akamweleza habari ya mechi.

"Basi tangu wakati huo uzito umekuwa ukiangukia mahali pamoja. Mguu nao umeinama, unazidi kusukuma upande huohuo. Mfupa chini yake umeumia kwa ndani, unaona hii alama kama wingu? Na maji haya yanayojaa yanaonyesha goti zima limekasirika."

"Kwa hiyo ni uzee tu," Filimbi alisema. "Unakuja taratibu. Nitauzoea."

Daktari hakutabasamu. "Kwa watu wengi huja taratibu, kweli. Goti linachakaa miaka na miaka. Lakini kuna magoti ambayo hayangoji, gegedu linaisha upesi. Siwezi kuapa kwamba lako litakuwa hivyo. Wengine wana dalili zote hizi na wanakaa salama. Ila ukiniuliza ni goti gani linanitia wasiwasi, ningekuonyesha hili."

"Nifanye nini?"

"La zamani limeshatokea, wala si kosa lako. Mengine tunaweza kuyapunguzia makali. Mazoezi ya kuimarisha paja. Uzito, ukiweza kuupunguza hata kidogo, goti litakushukuru. Na kunyanyua. Unanyanyua vitu vizito?"

Filimbi akasema, "Uzito wangu nitaupunguza, daktari. Huyo ninayemnyanyua siwezi kumpunguza."

Alijitahidi, nisimsingizie. Karanga za mezani zikatoweka ofisini. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye kiti akiinua mguu na kuushusha, na watoto wakachungulia dirishani kuhesabu kwa sauti. Akapungua, sketi zikaanza kumpwaya. Ila asubuhi ilipofika, Bwana Nukta alikuwa palepale kitandani akimngoja, na mikono iliyomnyanyua ilikuwa ya mtu mmoja tu. Muuguzi mstaafu alibisha hodi tena, na tena yule bwana akageuzia uso ukutani.

Goti halikungoja. Kwanza lilimwamsha usingizini, halafu likamnyima ngazi, akawa anapanda kinyumenyume ameshikilia ukuta. Akiinuka kitini tuliusikia mfupa ukikwaruza, nasi tukajifanya tunasahihisha madaftari. Mwalimu mkuu alimtoa uwanjani akampa maktaba. Filimbi maktaba! Alikaa kati ya rafu, filimbi yake shingoni, akiwanong'oneza watoto wanyamaze.

Jioni moja, akimtoa mumewe kwenye kiti cha kuogea, goti likaachia. Wakaanguka wote. Bwana Nukta akapata nundu kwenye paji la uso, hakuvunjika kitu. Walilala juu ya sakafu yenye maji, mume hawezi kuinuka, naye Filimbi hawezi kumwinua. Aliniambia kwamba mumewe ndiye aliyeanza kucheka, naye akacheka, wakacheka kama vichaa wawili. Kisha akagundua kwamba mwenzake hacheki tena. Analia.

Muuguzi alisikia kishindo, akapanda, akawainua. Safari hii Bwana Nukta hakugeuza uso. Alipokwisha kuvishwa nguo kavu, aliomba simu kwa ishara, akapigiwa dada yake, mjane aliyeishi katika nyumba ya chini isiyo na ngazi, mji mwingine, mwendo wa nusu siku.

"Dada," alisema kwenye simu. Akapumua. "Kwako. Mimi."

Filimbi alikasirika kama sijapata kumwona. "Unanihama? Baada ya yote haya unanihama?"

Bwana Nukta alinyoosha kidole, akaligonga goti la mkewe mara mbili, vilevile alivyogonga makosa gazetini. "Hili... tengeneza," akasema. "Halafu... nyumbani."

Wifi yake alikuja kumchukua na gari la kukodi. Vijana wa jengo walimshusha na kiti chake. Filimbi hakuweza kushuka naye. Alisimama ghorofani, ameegemea ukuta wa ngazi, akimpungia mtu aliyebebwa akiwa amempa mgongo.

Picha za pili nilizikodolea macho nikadhani wamekosea mtu. Pale palipokuwa na nafasi kati ya mifupa hapakuwa na kitu, mfupa umekalia mfupa.

"Nilitumaini tungepata miaka," daktari alisema taratibu. "Hata miwili haijafika. Pole, mama. Hili sasa ni la kubadilisha."

Akawekewa goti bandia. Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Kulikunja goti kulimtoa jasho na matusi ambayo sikujua anayajua. Kila jioni wifi yake alipiga simu na kumwekea Bwana Nukta sikioni. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Umekunja?" angeuliza.

"Nimekunja."

"Zaidi."

"Ebu nyamaza, kocha gani wewe!"

Halafu wanakaa tu wakisikilizana wanavyopumua, mpaka wifi anasema salio linaisha.

Filimbi alikuwa bado kwenye magongo wakati kiharusi cha pili kilipomchukua mumewe. Simu ilikuja asubuhi, wakati uleule alipokuwa akianza mazoezi. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu umenyooshwa mbele yake. Hakulia. Alisema, "Hesabu, nitafikaje kule?"

Tulifika. Usiku wa kuamkia mazishi mvua ilikuwa imenyesha, na magongo yalizama katika udongo kila alipojaribu kusogea. Wakamletea kiti, akakikataa. Alisimama pembeni mwa njia, mbali na kaburi, nami nimemshika kiwiko, na mwili wake wote ulitetemeka kwa juhudi ya kusimama wima. Udongo wa kwanza aliutupa wifi yake kwa niaba yake.

Goti lilipona vizuri ajabu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anapanda ghorofa ya tatu na kapu la sokoni mkononi, bila kushika ukuta. Watu walimpongeza kwenye ngazi, naye aliitikia kwa adabu. Siku moja akaniambia, bila kuniangalia, "Ningeweza kumbeba sasa. Ningeweza kumbeba mpaka barabarani na kurudi."

Likizo iliyofuata alikwenda kumtembelea wifi yake, nami nikamsindikiza. Baada ya chai wifi alisema kuna jambo amelikalia muda mrefu, hakujua kama alitaje au aliache.

"Lipi, wifi?" Filimbi akauliza.

"Alikuwa anajifunza kusimama. Alinikataza nisikwambie. Asubuhi nikishamweka pale dirishani, anashika nondo kwa mkono wa kushoto, anajivuta. Mwanzoni alikuwa anaanguka kitini. Mwishoni alisimama mwenyewe, wifi yangu. Kwa muda mfupi, lakini mwenyewe. Nilimuuliza unajitesea nini, akasema, 'Asininyanyue.'"

Filimbi aliweka kikombe chini. Aliomba aonyeshwe dirisha. Lilikuwa dirisha la kawaida, linatazama ua wenye kamba za kuanikia nguo, na rangi ya nondo moja ilikuwa imekwanguka mahali pamoja, usawa wa kifua. Aliishika hapo, akasimama.

Wifi alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Tukabaki mlangoni. Ndipo alipolia, kwa sauti yake ile kubwa ya uwanjani, mpaka mtu aliyekuwa akianua nguo nje akageuka kutazama, kisha akainamisha kichwa na kuingia ndani na nguo zake.