Kihamba Kilichozunguka

Mdogo wangu alirudi Mwika kutoka Dar es Salaam wakati wa masika, akiwa na begi moja la nguo na mawili ya vifaa vya kompyuta. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi isiyo mbali na nyumbani, na nilikuwa nikiishi na mama, sisi wawili tu tangu baba alipofariki. Nilidhani amekuja kupumzika. Kumbe alikuja kazini. Anatengeneza gemu za kompyuta, na gemu aliyokuwa nayo mkononi wakati huo ilikuwa ni kihamba chetu chenyewe: migomba, mibuni iliyojificha chini yake, banda la ng'ombe, uzio wa masale, na njia inayoteremka mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka juu mlimani.

Wiki za mwanzo alikuwa akizunguka na simu, anapiga picha magome ya miti, anarekodi ng'ombe akicheua. Ukungu wa masika ulikuwa mzito, na mara nyingi nilimsikia kabla ya kumwona. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwenzangu yuko sawa. Nikamwambia yuko kazini.

Jumamosi moja mchana akaniita sebuleni. Alikuwa ameunganisha kompyuta na televisheni, na mkononi ameshika kile kidude cha kuchezea, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba.

"Dada, njoo utembee," akasema.

Nikakaa kwenye kochi nikasukuma kijiti. Kioo kikafunguka kuwa uwanja wetu. Sijui niseme nini juu ya dakika zile za kwanza. Ukungu ulikuwa uleule, mweupe upande wa bondeni na wa kijivu chini ya migomba, na majani yalikuwa yakidondosha maji kwa mlio ninaoujua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Sikuwa na miguu wala mikono. Nilikuwa macho tu, yakielea kwa urefu wa mtu, yakipanda na kushuka kidogo kila hatua kama mtu anavyotembea. Nilipita banda la ng'ombe. Niligeuka kutazama nyumba, na nyumba ikapita mbele yangu taratibu, kama kitu kinachobebwa na maji.

Ndipo nikasikia joto kisogoni. Mate yakajaa mdomoni, jasho baridi likanitoka juu ya mdomo, na tumbo likaanza kupanda. Niliweka kidude chini nikatoka nje, nikaukumbatia mgomba wa kwanza nilioufikia. Mgomba nao ulikuwa unakwenda.

"Umeonaje?" mdogo wangu aliuliza akiwa mlangoni.

"Pazuri," nikasema. "Nishike."

Aliponikalisha kwenye kiti cha barazani akanieleza. Macho yangu yaliiambia akili kwamba natembea. Ndani ya masikio kuna kiungo kidogo kinachopima mwendo, nacho kiliiambia akili kwamba nimekaa kwenye kochi. Akili haikujua imwamini nani.

"Sasa ikikosa wa kumwamini inafanya nini?"

"Wapo wanaosema inadhani umekula sumu. Ndiyo maana inataka utapike."

Nilifikiri ndio mwisho wa kazi yangu. Yeye akafikiri ndio mwanzo. Wenzake aliokuwa akifanya nao kazi Dar walikuwa wamezoea gemu tangu utotoni na hawakusikia chochote. Alihitaji mtu anayeugua, ili ajue ni wapi panaumiza. Basi kila nikitoka shule nilikaa kwenye kochi, naye pembeni, nikawa namwambia: hapa sawa, hapa sawa, hapa kichwa kimeanza, hapa basi. Baadaye nilikuwa najilaza chumbani, na nikifumba macho migomba iliendelea kunipita, kijani nyuma ya kijani, bila haraka. Haikuwa mbaya sana sehemu hiyo. Kulikuwa na dakika nyingi ambazo sikujua kihamba kinachonipita ni cha nje ya dirisha au cha kwenye kioo, na wala sikutaka kujua.

Mama aliyaona yote hayo kwa namna yake. Aliona natema mate uani. Aliona nasukuma kiburu pembeni ya sahani, mimi ambaye sijawahi kukataa ndizi na maharage. Aliona nalala mchana. Siku moja jioni, mimi na mdogo wangu tukiwa sebuleni, alikuja na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, akaliweka mbele yangu, akakaa.

"Mwanangu," akasema, "mimi si mtoto. Ni miezi mingapi?"

Nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini na tano, sijaolewa, na katika sauti yake hakukuwa na hasira hata kidogo. Kulikuwa na tumaini.

"Mama, ni gemu."

"Gemu ndiyo iliyokupa mimba?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Mama hakucheka. Alitaka aelezwe, na nikamweleza: macho yanasema hivi, masikio yanasema vile, kichwa kinaelea, tumbo linapanda. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Nilipomaliza akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwako chumba kinazunguka? Kinakwenda upande mmoja, kinarudi, kinakwenda tena?"

"Hapana, mama. Changu ni kama kuelea."

"Changu kinazunguka," akasema.

Akaendelea taratibu, kana kwamba anazungumzia mtu mwingine. Kilianza baada ya mavuno ya kahawa. Akijigeuza kitandani kulalia upande wa kulia, paa linazunguka. Akiinua uso kutazama mkungu wa ndizi, migomba inazunguka, na lazima akae chini pale pale mpaka itulie. Kwenye zahanati walimpima presha wakaiona nzuri. Njia ya kwenda kwenye mfongo aliiacha, na sisi alituambia ni magoti.

"Mbona hukutuambia?" mdogo wangu akauliza.

"Mzee akianza kuanguka, watoto wanamhamisha. Mngenipeleka mjini nikakae ndani ya geti nisikilize magari." Akatazama mtori uliokuwa unapoa. "Halafu nilifikiri ndivyo mtu anavyoanza kuondoka. Dunia inaanza kumwachia kidogo kidogo. Sikujua kama ni kitu chenye jina."

Sisi pia hatukujua jina lake, lakini mdogo wangu alikuwa amesoma mengi kuhusu masikio kwa ajili ya kazi yake, na wiki hiyo hiyo tukateremka Moshi kumwona daktari wa masikio. Alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa, kisha akamuuliza maswali yaleyale ambayo mama alikuwa ameyajibu sebuleni kwetu. Akamkalisha juu ya kitanda, akamgeuza uso upande wa kulia, akamlaza kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo.

Mboni za mama zikaanza kucheza. Zilitetemeka upande mmoja, zikarudi, zikatetemeka tena. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usifumbe macho, mama," daktari alisema. "Tazama pua yangu. Itapita."

Ikapita. Daktari akamgeuza kichwa upande wa pili polepole, akasubiri, akamlaza ubavu uso ukitazama sakafu, akasubiri tena, kisha akamwinua. Alitueleza kwamba ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno, kama vumbi la chaki. Vikitoka mahali pake vinazurura kwenye mirija ya sikio, na akili inadhani mtu anazunguka. Alichofanya ni kuvirudisha nyumbani. Akarudia tena zoezi zima, na safari hii mboni zilitulia.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliinua uso taratibu akatazama dari. Akaendelea kuitazama muda mrefu kupita kiasi, dari ya kawaida yenye doa la maji.

"Imesimama," akasema.

Tulipotoka nje hakutaka kupanda gari mara moja. Alitembea kwenye mitaa ya Moshi uso ukiwa juu, akatazama vilele vya miti, akasoma kwa sauti mabango ya ghorofani, la fundi cherehani, la duka la dawa, la chuo cha udereva. Watu walitupisha. Mdogo wangu na mimi tulitembea ubavuni kwake, mmoja huku, mwingine kule, ingawa hakuhitaji kushikwa.

Ugonjwa ulimrudia mara moja tu, baada ya kiangazi, tukateremka tena, ukaondoka. Hakuuogopa tena. Aliongea nao kama mtu anavyoongea na mbuzi aliyetoroka zizini.

Gemu nayo ilitengenezeka kidogo kidogo. Mdogo wangu aliondoa kule kupanda na kushuka kwa macho kila hatua, akapunguza kasi ya kugeuka. Siku moja nilikuwa napandisha na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nikatambua kwamba ncha za majani zinaning'inia juu ya macho yangu muda wote, hazibadiliki, na nyuma yake dunia inapita. Nilimwambia. Akachora majani ukingoni mwa kioo, juu, kama anayetembea amebeba mzigo. Sijui sababu yake, ila nilifika mpaka kwenye mfongo kwa mara ya kwanza bila jasho kunitoka.

Mama hakukubali kushika kile kidude. Alisema kichwa chake kimeshatembea vya kutosha. Lakini jioni moja alikaa karibu nami kwenye kochi, bega kwa bega, nami nikateremka ile njia ndani ya ukungu aliouchora mdogo wangu. Maji ya mfongo yalianza kusikika kwa mbali, na nje ya dirisha mvua ilikuwa ikinyesha kweli, nikawa sitofautishi sauti hizo mbili.

"Pita kushoto," mama akasema polepole. "Hapo pana utelezi."

Nikapunguza mwendo, nikapita kushoto.